Jina Lililoandikwa kwa Penseli

Jumatatu ya tarehe 5 Desemba 2005, mashine za faksi katika karakana za California zilianza kutoa barua ya kurasa 7. Aliyeiandika alikuwa Gordon Clark, mwenye kiwanda cha Clark Foam cha Laguna Niguel, mtu ambaye wachongaji wa mbao za mawimbi walimfahamu zaidi kwa jina lake la utani, Grubby. Kwa zaidi ya miaka 40 kiwanda chake kilimimina kemikali kwenye kalibu na kutoa magogo ya povu gumu, na katika magogo hayo mafundi walichonga mbao za kutelezea juu ya mawimbi. Barua ilisema kazi imekwisha. Clark alieleza hofu yake ya kushtakiwa kwa sababu ya kemikali anazotumia na ya madai ya fidia za wafanyakazi. Hakutafuta mnunuzi wala hakutoa notisi. Alifunga lango, na kalibu zake zikavunjwa.

Wakati huo ilikadiriwa kuwa karibu magogo tisa katika kila kumi yaliyochongwa Marekani yalitoka kwake. Fundi aliyezoea kuwaambia wateja kwa fahari kwamba ubao wake ameuchonga kwa randa na msasa, kwa kipimo cha mtu mmoja, mbali kabisa na mambo ya viwanda, wiki ile alijikuta hana cha kuchonga. Bei ya magogo yaliyobaki ghalani iliruka. Wenye fedha walinunua yote waliyoyakuta. Wasio nazo walifunga karakana, wengine kwa muda, wengine moja kwa moja. Bandarini nako, makontena ya mbao zilizokamilika kutoka Asia yaliendelea kushushwa kama kawaida.

Ubishi kati ya ubao wa bei nafuu, unaotoka kiwandani kwa maelfu, na ubao unaochongwa kwa oda ya mtu mmoja, husimuliwa kama ugomvi wa juzi: hapo zamani kulikuwa na mafundi tu, kisha Asia ikaja na kalibu zake. Historia inasimulia mengine. Kiwanda na karakana vimeishi chini ya paa moja karibu karne nzima, na kila kimoja kimemtegemea mwenzake kuliko kinavyopenda kukiri. Kinachotenganisha ubao na ubao kiko kwingine, nacho ni kama aliyeutengeneza amewahi kuzungumza na atakayesimama juu yake.

Katika visiwa vya Hawaii, ambako mchezo huu ulifikia kilele chake cha kale, mazungumzo hayo yalianzia kwenye cheo cha mtu. Mwaka 1779 luteni James King, aliyekuwa katika msafara wa Kapteni James Cook, aliandika jinsi wenyeji wa ghuba ya Kealakekua walivyolala juu ya mbao na kubebwa na mawimbi makubwa hadi karibu na miamba, jambo lililomwogopesha baharia huyo kuliko lilivyowaogopesha wao. Mbao zenyewe zilikuwa za aina kadhaa. Paipo ilikuwa fupi, ya kulalia. Alaia ilikuwa nyembamba, ya watu wote, ikipasuliwa mara nyingi kutoka mti wa koa au mshelisheli, mti uleule ambao watu wa Unguja na Pemba huuthamini kwa matunda yake. Olo ilikuwa ya machifu: ndefu, nene, ikifikia futi 16 au zaidi, na iliyotafutwa zaidi ilichongwa kwa mti mwepesi wa wiliwili. Mchongaji alitumia tezo la jiwe, akasugua kwa tumbawe, akapaka rangi na mafuta ya mimea. Olo mbili za chifu Abner Paki zimehifadhiwa Honolulu katika Bishop Museum, jumba lililopewa jina la bintiye, Bernice Pauahi Bishop. Ukubwa wake peke yake unaonyesha kwamba zilitengenezwa kwa mtu mmoja aliyejulikana, mwenye mwili wa kuzimudu na hadhi ya kuzimiliki.

Upande wa pili wa Afrika, watoto waliteleza bila kuhitaji chifu wala fundi. Mwaka 1834 msafiri wa Kiskoti, James Edward Alexander, aliwaona wavulana wa Accra wakiogelea na vibao vyepesi chini ya matumbo yao, wakisubiri wimbi na kurudi nalo pwani. Mwanahistoria Kevin Dawson amekusanya ushahidi kama huo wa Afrika Magharibi unaorudi nyuma hadi karne ya 17. Vibao vile vilikuwa vipande vya mti vilivyopatikana, na furaha yao haikupungua kwa sababu hiyo. Ni vizuri kuwakumbuka wavulana hao kabla ya kufika kwenye habari za maduka makubwa ya Marekani.

Hawaii yenyewe iliingia karne ya magonjwa. Maradhi yaliyoletwa na meli yaliua kwa kiasi cha kutisha, na kufikia miaka ya 1890 Wahawaii walikuwa wamebaki kama 40,000 tu, kutoka mamia ya maelfu wa enzi ya Cook. Wamisionari waliowasili mwaka 1820 hawakuupenda mchezo uliowaacha watu nusu uchi, lakini adui mkubwa wa ubao alikuwa kaburi: ufundi ulikwenda na mafundi. Hata hivyo haukufa. Mwaka 1885 wana watatu wa ukoo wa kifalme, David Kawananakoa, Edward Keliiahonui na Jonah Kuhio Kalanianaole, waliokuwa wakisoma California, waliteleza kwenye mlango wa mto San Lorenzo mjini Santa Cruz kwa mbao zilizopasuliwa katika kiwanda cha mbao cha hukohuko, kwa mti mwekundu wa redwood. Na Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea wa Olimpiki ya 1912, alipofika Sydney mwishoni mwa mwaka 1914 bila ubao, alitafuta msonobari na kuchonga wake mwenyewe. Ubao huo umehifadhiwa hadi leo na klabu ya waokoaji wa ufukwe wa Freshwater.

Kisha kiwanda kikaingia, mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Pacific System Homes ya Los Angeles, kampuni iliyokuwa ikitengeneza nyumba za mbao zinazouzwa vipandevipande ili mnunuzi ajijengee, ilianza kutoa pia mbao za mawimbi. Mashine za kupasua na gundi zilikuwepo, mbao zilikuwepo, na baadhi ya wateleza mawimbi hodari wa California, akina Pete Peterson na Lorrin Harrison, walifanya kazi humo. Mbao hizo ziliuzwa kwa jina la Swastika, alama ambayo wakati huo wengi Marekani waliichukulia kuwa ya bahati njema. Ilipokuwa haiwezekani tena kuitazama alama hiyo bila kumfikiria Hitler, kampuni iliibadilisha jina bidhaa yake. Kwa hiyo ubao wa kwanza kuuzwa kwa wingi ulitoka kwenye kiwanda cha nyumba, na waliousimamia walikuwa watu wa baharini wenyewe. Asiyejua hilo anaweza kudhani kiwanda kilikuja kuwapora mafundi. Ukweli ni kwamba mafundi walikuwa wafanyakazi wake.

Tatizo la mbao za wakati ule lilikuwa uzito. Ubao wa redwood mtupu uliweza kufika kilo 40 au zaidi, na aliyeubeba hadi majini alikuwa amekwisha kufanya nusu ya kazi. Tom Blake, mwogeleaji aliyetoka Wisconsin akahamia kwenye bahari ya Hawaii na California, alizifanyia ukarabati olo za Paki pale Honolulu na kutoka hapo akapata wazo la kutengeneza ubao ulio wazi ndani. Hataza yake ilitolewa mwaka 1932. Michoro ya mbao za namna hiyo ilichapishwa katika majarida ya mafundi wa nyumbani, na vijana waliotaka walijitengenezea katika vibanda vya baba zao. Mwaka 1935 Blake huyohuyo alifunga kipande kilichofanana na mkuku mdogo chini ya mkia wa ubao wake, na hapo ubao wa mawimbi ukapata pezi lake la kwanza.

Aliyeibadilisha kazi ya mchongaji kabisa alikuwa Bob Simmons, mtu mwenye kiwiko kilichoharibika, aliyesoma hesabu na uhandisi Caltech na kusoma vitabu vya wasanifu wa boti zinazokwenda kasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili vifaa vya kivita viliingia sokoni, yakiwemo resini na kile ambacho wavuvi wa pwani yetu leo hukiita faiba. Simmons alivitumia kufunika mti mwepesi wa balsa kutoka Ecuador, na akajaribu hata povu katikati ya tabaka za mbao. Mwaka 1954 alizama alipokuwa akiteleza Windansea, San Diego, akiwa na umri wa miaka 35. Mbao zilizobaki nyuma yake zilikuwa nyepesi kiasi kwamba mtu mmoja aliweza kuubeba wake kwapani.

Mwaka 1947 Joe Quigg wa Malibu alipata oda ya binti, Darrilyn Zanuck, mtoto wa mkuu wa studio ya filamu. Alitaka ubao ambao angeweza kuubeba mwenyewe na kuuingiza kwenye gari lake. Quigg alichonga ubao wa futi 10 na kidogo, mwepesi, wenye pezi na mbavu zilizopunguzwa. Wanaume wa Malibu, ambao mbao zao ndefu zilikwenda mbele tu kama magogo yaliyokatwa kamba, waliuazima na hawakutaka kuurudisha: ulikuwa ukigeuka. Kutokana na ubao huo na wenzake kulizaliwa ule mtindo ambao Waingereza na Wafaransa kwa miaka mingi waliuita Malibu bila kuongeza neno. Hakuna kampuni ambayo ingekaa kitako mwaka 1947 na kuamua kuunda ubao wa mwanamke. Uliundwa kwa sababu mtu mmoja mahususi alikwenda kwa fundi na kumweleza shida yake. Hapo ndipo thamani ya oda ilipo, na ni thamani isiyoonekana kwenye bei.

Hobie Alter alifungua duka Dana Point mwaka 1954, na miaka michache baadaye balsa ikaanza kuadimika huku wateja wakiongezeka. Yeye na Gordon Clark walikodi mahali pa faragha katika bonde la Laguna Canyon na kuhangaika na kemikali mpaka, kufikia mwaka 1958, wakapata njia ya kuaminika ya kutengeneza povu la poliurethani lenye umbo la ubao. Dave Sweet alikuwa ameanza kuuza mbao za povu miaka miwili hivi kabla yao. Mwaka 1959 filamu ya Gidget ilitoka, ikitokana na riwaya ya Frederick Kohner ya 1957, na vijana wa Marekani ambao hawakuwahi kuiona bahari wakataka ubao. Mwaka 1961 Clark alijitenga na kuanzisha kiwanda chake.

Mpangilio ulioibuka ulikuwa wa busara kubwa. Kiwanda kilimimina kemikali mbili kwenye kalibu nzito ya zege, povu likafura na kuganda, gogo likapasuliwa katikati kwa urefu na kuunganishwa tena kwa uti mwembamba wa mbao ili lisikatike kirahisi. Fundi alilipokea karibu na umbo analolitaka, akaliondolea kidogokidogo kwa randa ya umeme, kisha msasa, kisha akampa mwenzake wa faiba na resini. Wachongaji maarufu walimsaidia Clark kuunda kalibu mpya, kwa hiyo hata gogo la kiwandani lilikuwa na mkono wa fundi ndani yake. Fundi mmoja aliyekodi gereji angeweza kushindana na jina kubwa. Uhuru wote wa mafundi wadogo, kuanzia California hadi Australia na Afrika Kusini, ulisimama juu ya povu la viwanda vichache.

Miaka hiyohiyo kulikuwa na mbao ambazo hazikuguswa na randa kabisa. Zilitolewa kwenye kalibu zikiwa kamili, zikauzwa kwa bei ya chini kwenye maduka ya vifaa vya michezo mbali na bahari. Wazoefu walizicheka na hata kuwafukuza majini waliozipanda, tabia ambayo haina cha kuitetea. Ubora wake ulikuwa duni kweli. Lakini kilichoziua kilitoka kwingine.

Mwaka 1966 Nat Young wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia San Diego kwa ubao mwembamba uliogeuka kuliko wa wenzake wote. George Greenough, kijana wa Santa Barbara aliyeteleza akiwa amepiga magoti, alikuwa amechunguza mikia ya samaki waendao kasi na kutengeneza pezi linalopinda. Bob McTavish, akiwa Australia, alichukua mawazo hayo na kuanza kukata mbao. Ndani ya miaka kama miwili tangu 1967, ubao wa kawaida ulishuka kutoka futi 9 na zaidi hadi futi 7 hivi. Maghala yalijaa mbao ndefu zisizo na mnunuzi. Kampuni kubwa zilizowekeza kwenye kalibu, matangazo na akiba zilipata hasara, na mchongaji wa uani, aliyekuwa na gogo moja na msumeno, alikuwa na mtindo wa wiki hii kabla kampuni haijamaliza kikao. Kalibu hukumbuka umbo moja tu. Mabadiliko yanapokwenda kasi, umbo hilo huwa deni.

Ndiyo maana miaka 15 iliyofuata inakumbukwa kama enzi ya mchongaji. Dick Brewer alichonga Hawaii mbao ndefu zilizochongoka za mawimbi makubwa. Al Merrick, aliyeanzisha Channel Islands mjini Santa Barbara mwaka 1969, alikua pamoja na Tom Curren na baadaye Kelly Slater: kila walipotoka majini walirudi na malalamiko, naye akarudi kwenye randa. Afrika nayo ilikuwa na jozi ya namna hiyo. Durban, katika karakana ya Safari, Spider Murphy alimchongea Shaun Tomson mbao zenye pua na mkia uliobinuka, zilizomwezesha kuingia ndani ya mdomo wa wimbi na kubaki humo huku akipinda. Mwaka 1977 Tomson alikuwa bingwa wa dunia. Fukwe walizojifunzia wakati huo zilikuwa za Wazungu peke yao kwa amri ya serikali ya ubaguzi, na vijana wengi weusi wa Durban walikua wakiisikia bahari hiyo bila ruhusa ya kuingia. Ilipofika 2018 Mikey February wa Cape Town akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushiriki ligi kuu ya dunia, na Channel Islands wametoa ubao wa mtindo wa samaki unaobeba jina lake.

Simon Anderson wa Sydney alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na mbao za mapezi mawili zilizotamba mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zikimteleza chini ya miguu. Alikuwa mchongaji na mshindani kwa pamoja, kwa hiyo alijipa oda mwenyewe. Alipunguza mapezi ya pembeni, akaongeza la tatu katikati ya mkia, na wakati wa Pasaka ya mwaka 1981 alishinda Bells Beach katika mawimbi makubwa kuliko yaliyokuwa yamezoeleka pale. Hakuchukua hataza. Muda mfupi baadaye karibu kila karakana duniani ilikuwa ikifunga mapezi matatu, na baada ya karakana vikafuata viwanda. Mamilioni ya mbao yamebeba wazo lake bila yeye kudai mrabaha. Mtu anayelinganisha bei za dukani na kusema ubao wa kiwandani ni nusu ya ule wa fundi amkumbuke Anderson pia. Sehemu ya nafuu hiyo inatokana na miaka ya kujaribu na kushindwa ambayo gharama yake ilibebwa na mtu mwingine, katika chumba chenye vumbi la povu lililoharibu mapafu ya wengi.

Mashine haikungoja Asia. Mfaransa Michel Barland wa Bayonne alikuwa ametengeneza mashine ya kuchongea mapema, na miaka ya 1980 akaiunganisha na kompyuta. Katika miaka ya 1990 na baada yake mashine hizo zilienea: mchongaji anachora kwenye skrini, kisu kinakata gogo, naye anamalizia mistari kwa msasa. Leo mbao nyingi zinazouzwa kama za kuchongwa kwa oda zimepita hapo kwanza. Wapo wanaoona huo ni udanganyifu. Hoja yao ina uzito pale mteja anapofichwa, lakini mashine yenyewe haina kosa. Mteja akisema ubao wake wa mwaka jana ulizama puani, fundi anaweza kuongeza mbinuko wa hapo kwa milimita anazozijua, bila kukisia upya kila kitu kingine. Mazungumzo yamebaki palepale, ila sasa yana kumbukumbu.

Randy French wa Santa Cruz alikuja na njia ya pili. Kupitia kampuni yake ya Surftech aliwaendea wachongaji wakongwe, akachukua mbao zao bora kama vielelezo, na kuzitoa kwa epoksi na povu la polistirini katika kiwanda cha Cobra, mkoani Chonburi, Thailand. Wachongaji walilipwa mrabaha kwa kila ubao uliouzwa. Cobra ilianza mwaka 1978, ikajenga jina lake kwa mbao za tanga, na ikaendelea hadi kwenye mbao za kite. Kwa njia hiyo ina uhusiano na pwani yetu: mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi huvunjikia kwenye matumbawe mbali na ufukwe, lakini upepo wa kusi na kaskazi umezifanya Paje na Diani kuwa vituo vya kite, na mbao zinazoteleza huko ni kazi ya viwanda.

Wengi wakisikia neno kiwanda huona mikono ya chuma. Chonburi kuna mikono ya watu, tena mingi: wanakata kitambaa cha faiba, wanafunga mifuko ya kufyonzea hewa, wanapiga msasa mbavu za ubao mmoja baada ya mwingine, wanapaka rangi. Kelly Slater aliponunua hisa za kuiongoza Firewire, kampuni iliyoanzishwa na Nev Hyman wa Australia, mbao zake zilikuwa zikitoka Thailand, na hazikuwa za bei rahisi. Fundi wa kweli yupo pale. Asichokuwa nacho ni jina.

Jina ndilo jambo la kulitazama kwenye ubao wa karakana. Kandokando ya ule uti wa mbao, kabla resini haijapakwa, mchongaji huandika kwa penseli urefu, upana na unene, kisha saini yake, na mara nyingi jina la mteja. Resini ikikauka juu yake, maandishi hayo hayafutiki. Anayenunua ubao uliotumika huyatafuta kwanza. Ubao wa Thailand nao hubeba jina, la mbunifu aliye maelfu ya maili kutoka hapo, wakati aliyeusugua kwa siku nzima hajaandikwa popote. Kama kuna dhuluma katika biashara hii, iko hapo zaidi kuliko kwenye bei, na kampuni ingeweza kuiondoa kwa gharama ya penseli.

Njia ya tatu ilianza kama mchezo. Mwaka 1971, akiwa Hawaii, Tom Morey alikata kipande cha povu laini, akakilainisha kwa pasi ya nguo na karatasi za gazeti, akakilalia na kupanda wimbi. Kile kibao kilikuwa cha bei ndogo, hakikuvunja meno ya mtu, na kiliwaingiza baharini watu wengi ambao karakana isingewaona kamwe. Mrithi wake wa kusimamia alikuja kwenye maduka ya Costco katikati ya miaka ya 2000: Wavestorm, ubao wa futi 8 wenye ngozi laini, kwa karibu dola 100. Fundi hawezi kununua gogo, faiba, resini na mapezi kwa fedha hiyo, sembuse kujilipa. Wachongaji walikasirika, na mtu anaweza kuwaelewa. Lakini anayejifunza anahitaji ubao mpana, unaoelea sana, usioumiza, na ambao hautamtoa machozi ukigonga mwamba. Fundi mwaminifu atamwambia hivyo mwenyewe: mtu asiyejua bado anasimamaje hana cha kumwagiza.

Tatizo huanza miaka ya baadaye, anapoendelea kununua kwa mazoea. Ameshajua goti lake la kushoto lina kasoro, ufukwe wake una mawimbi mafupi yasiyo na nguvu, uzito wake umeongezeka, na ubao wa rafu unamtupa kila anapogeuka. Huo ni wakati wa kwenda karakana, na bei ya ziada atakayolipa inamnunulia sikio la mtu aliyewaona mamia kama yeye. Asipokwenda yeye na wenzake, karakana hufungwa, na wazo linalofuata litakosa mahali pa kujaribiwa, kwa maana hakuna kalibu iliyowahi kuuliza swali. Baada ya 2005 watengenezaji wapya wa magogo walijitokeza Marekani na kwingineko, kwa hiyo malighafi ilirudi. Wateja wenye subira ndio wamekuwa adimu zaidi.

Wanaofikiri ni lazima kuchagua upande mmoja maisha yote wanaweza kumtazama Italo Ferreira. Alikulia Baía Formosa, kijiji cha wavuvi kaskazini-mashariki mwa Brazil, mtoto wa mchuuzi wa samaki, na alijifunza kusimama juu ya mawimbi kwa kutumia mfuniko wa boksi la povu ambalo baba yake alihifadhia samaki. Mwaka 2019 alikuwa bingwa wa dunia. Mbao zake kwa miaka hiyo zilikuwa zikichongwa na Timmy Patterson wa San Clemente, kwa vipimo vya mguu wake na namna yake ya kuruka. Tarehe 27 Julai 2021, mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Ferreira alifika fainali katika ufukwe wa Tsurigasaki, Japani, bahari ikiwa imechafuliwa na dhoruba. Kwenye wimbi lake la kwanza ubao ulivunjika. Alitoka majini, akachukua mwingine, akarudi kumkabili Kanoa Igarashi wa Japani, na akaondoka na medali ya dhahabu.